Mbuzi Mwenye Mkanda wa Mistari

Fundi cherehani aliwajua mbuzi wake kwa vitambaa. Wapo watu wanaowajua mbuzi wao kwa sura, kwa mlio, hata kwa namna wanavyokohoa. Yeye macho yake yalikwisha kuchakaa kwa kutunga uzi kwenye sindano, na aliona vizuri vitu viwili tu: kilicho karibu na pua yake na chenye rangi. Kwa hiyo kila mbuzi alimshonea mkanda wa shingoni kutokana na vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja, na jina likatoka hapo hapo. Kulikuwa na Maua, kulikuwa na Madoa, kulikuwa na Sare aliyevaa kipande cha sare ya shule, na kulikuwa na Mistari.

Mistari alivaa kitambaa cha godoro, kile kigumu chenye mistari ya bluu, kwa sababu mikanda mingine yote aliyoshonewa alikuwa ameila. Alikuwa mlafi wa nguo. Kuzaa hajawahi, maziwa hana, lakini ukisahau gauni kwenye kiti cha barazani, ukirudi unakuta vifungo. Juma lililopita alitafuna mkono mmoja wa blauzi ya mwalimu mkuu, na fundi akalazimika kuukata na ule wa pili, kisha akamwambia mwalimu kwa uso mkavu kwamba mikono mifupi ndiyo mtindo wa sasa. Mwalimu aliamini, tena akashukuru. Lakini uongo ule ulimkaa fundi rohoni, na hatimaye akampelekea ujumbe mwenye bucha aje amchukue Mistari.

Mwenye bucha alikuja asubuhi, kamba begani, akipiga mluzi. Mvua ilikuwa imenyesha sana, ua ulikuwa tope tupu, na fundi alikuwa amezama kwenye magauni ya wasimamizi wa harusi, pini mdomoni, mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Habari za asubuhi, mama. Mzigo wangu uko wapi?"

"Nyuma, kibandani," alisema fundi kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili ulikuwa na pini. "Yule wa mistari ya bluu. Chukua tu, tutaelewana baadaye."

Hakuinuka. Hata kichwa hakugeuza. Alisikia kwato kwenye tope, akasikia mluzi unaishia barabarani, akashusha pumzi ya mtu aliyeondokewa na kero, akaendelea kushona.

Jua lilikuwa limeshapanda alipohisi gauni linavutwa. Alidhani limenasa kwenye kiti. Akavuta, na lenyewe likavutwa. Alipoangalia chini aliona mdomo unatafuna pindo, chini ya mdomo ndevu, na chini ya ndevu mkanda wa godoro wenye mistari ya bluu.

Fundi alitema pini zote.

"Mama," aliita taratibu. "Hebu njoo uniangalizie huyu ni nani."

Aliyeitwa alikuwa mama mkwe wake, aliyekaa mkekani akichambua mchele. Mume wa fundi alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na miezi mingi ya mwaka nyumba ile ilikuwa ya wanawake wawili waliozoeana mpaka kuchokozana. Bibi aliinua macho, ambayo kwa umri wake yalikuwa bado makali kuliko ya mkwewe.

"Ni Mistari. Umeanza kuwasahau?"

"Mistari amekwenda bucha asubuhi."

"Mistari huyo hapo anakula gauni la watu."

"Basi aliyekwenda bucha ni nani?"

Mama mkwe aliweka ungo chini. "Nani mwingine mtaa huu ana mbuzi mwenye mkanda wa godoro?"

Walitazamana. Jibu lilikuwa moja tu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja. Alikuwa Binti, mbuzi wa seremala.

Seremala alikaa ua wa pili, na hakuwa na mbuzi mwingine. Binti alikuwa wa marehemu mkewe, aliyemlea kwa chupa baada ya mama yake kufa. Mke alipofariki, seremala akamrithi mbuzi pamoja na tabia ya kuzungumza naye. Alimsimulia habari za mbao zilizopinda na wateja wasumbufu, na Binti alisikiliza kuliko watu wengi. Ua wa seremala, kama ilivyo kwa maseremala wengi, ndio uliokuwa mbovu kuliko nyua zote za mtaa. Upande wa kwa fundi palikuwa na pengo la ubao mmoja uliosubiri kupigiliwa tangu enzi, na mvua ikinyesha Binti alipita hapo akaja kulala na wenzake, asubuhi akarudi kwao. Hakuna aliyejali.

Na ule mkanda? Mkanda alishonewa na fundi mwenyewe. Hapo ndipo penye kisa.

Zamani kidogo, seremala alipotelewa na kuku. Badala ya kuuliza, alisimama uani kwake akasema kwa sauti, wateja wa fundi wakiwa wamejaa barazani, kwamba mwizi hatoki mbali, yuko humu humu mtaani na mchana anajifanya anashona. Baadaye kuku alijitokeza mwenyewe nyuma ya rundo la mbao, na vifaranga juu. Seremala aliona aibu ya kuwatosha watu wawili. Akaja kuomba radhi, na kwa kuwa maneno hakuyaweza, alikuja na meza: meza ya kukatia nguo, ndefu, uso wake laini, droo zinateleza bila kelele. Fundi aliipokea, akaisimamisha ukutani, akaendelea kukatia nguo sakafuni kwa hasira mpaka mgongo ukamkataa. Ilikuwa baada ya msiba wa mke wa seremala ndipo siku moja aliishusha ile meza, akatandika juu yake kitambaa kigumu kuliko vyote alivyokuwa navyo, akakata mkanda, akashona, akaupeleka ng'ambo ya ua bila neno. Seremala akamvisha Binti. Tangu siku hiyo wakaanza kuamkiana, wakawa wanaitana fundi kwa fundi, na vikombe vya chai vikawa vinapitishwa pale pale pengoni.

Sasa yule aliyeitwa mwizi bila kosa alikuwa amemuuza mbuzi wa jirani, mchana kweupe, tena akiwa amekaa kitako.

"Mwenye bucha huchinja wakati gani?" aliuliza fundi, na sauti haikuwa yake.

"Mapema. Watu wanataka nyama ya mchana."

"Mama, usinitishe."

"Sikutishi, nakujibu." Mama mkwe alifikiri kidogo. "Sikiliza, mwanangu. Kama kashachinjwa, tunaye huyu. Mweupe kama yule, mkanda ule ule. Jioni tunamsukuma pengoni."

"Jirani anazungumza na yule mbuzi kila siku. Hatamjua?"

"Tutamwambia amekonda kwa mawazo."

Fundi hakusubiri kusikia zaidi. Alitoka na futi kamba shingoni, mguu mmoja kiatu chake, mguu wa pili kiatu cha mama mkwe. Alikata katikati ya soko. Mwanamke mmoja alimwita kuulizia sketi yake, naye akajibu "Kesho", neno ambalo fundi cherehani huweza kulisema hata akiwa usingizini. Njia nzima alijaribu kupanga maneno. Jirani, kuna jambo limetokea. Hapana. Jirani, kaa kwanza. Hapana. Kila alivyoanza, alimwona seremala ameshika mkanda mtupu mkononi, na hapo maneno yalikatika. Kuitwa mwizi alikwisha kuitwa na hakufa. Alichoogopa ni kwamba safari hii neno hilo lingekuwa kweli, na kwamba yule mtu atarudi kwenye ua wake jioni asiwe na wa kumsimulia chochote.

Alipofika bucha, nyama zilikuwa zimeshaning'inia kwenye ndoano, na mwenyewe alikuwa anafuta kisu. Roho ilimruka.

"Yule mbuzi wa asubuhi," alisema akihema. "Usiniambie."

"Nisikuambie nini, mama?"

"Umeshamchinja?"

Mwenye bucha alikuwa jitu la miraba minne, lakini uso wake haukuwahi kuficha siri hata moja tangu azaliwe. Alitazama kisu, akatazama mizani, akatazama paa.

"Bado," alisema. "Leo kisu... kisu changu ni kibutu kidogo."

Kisu alichokishika kilikuwa kinameremeta. Fundi hakukitazama. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa mlangoni, akalia kidogo, kisha akacheka kidogo, kisha vyote kwa pamoja, huku wateja wawili wakijifanya wanachagua maini. Alijiona mwepesi kama aliyetuliwa gunia mgongoni.

"Mungu akubariki," alisema, "wewe na kisu chako."

Binti alikuwa ua wa nyuma, amefungwa kivulini, anatafuna majani kwa raha zake kama mgeni aliyekirimiwa. Ua mzima ulikuwa tope, lakini chini yake palikuwa pametandikwa maranda ya mbao, makavu, mengi, ili asilalie maji. Fundi alistaajabu moyoni kwamba mtu wa shoka na ndoano naye anaweza kuwa na huruma namna hii. Alipiga magoti akamshika mbuzi masikio yote mawili, akamtazama usoni kwa karibu, pua kwa pua, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba Binti hafanani na Mistari hata kidogo. Huyu alikuwa na kovu dogo juu ya jicho, na uso wa upole. Mistari ana uso wa mtu anayekudai.

"Huyu si wangu," alimwambia mwenye bucha. "Mimi ndiye niliyekuelekeza vibaya. Mwenyewe ni..."

"Nenda naye tu, mama," alimkatiza mwenye bucha. "Nenda naye salama. Mimi sijui kitu." Akaingia ndani haraka kuliko ilivyohitajika.

Kurudi, fundi hakukimbia. Alitembea na kamba mkononi akiwaamkia watu ambao siku nyingine huwapita. Alimwambia yule mwenye sketi kwamba kesho ni kesho kweli. Hata tope alilikanyaga kwa upendo. Mama mkwe alikuwa anamngoja kwenye kona ya ua, mguu mmoja wazi.

"Yu mzima?"

"Mzima, mama. Hata hajakwaruzwa."

"Haya, ushukuriwe Muumba. Sasa nirudishie kiatu changu, msukume huyo pengoni, tukanywe chai. Nani atajua?"

Na pengo lilikuwa pale pale, hatua chache tu. Binti mwenyewe alikwisha kuanza kuvuta kamba kuelekea kwao. Seremala angemkuta uani kwake, akamsimulia ya leo, jua likazama, mambo yakaisha. Fundi alilegeza kamba. Kisha akaikaza tena.

Alikuwa amekumbuka siku ya kuku. Miaka yote ile alidhani kilichomuuma ni lile neno mwizi, lakini neno lenyewe lilishapoa. Kilichomuuma ni kwamba jirani yake hakupita mlangoni kuja kumwuliza. Alisimama upande wake wa ua akausemesha mtaa. Akimsukuma mbuzi pengoni leo, naye atakuwa amefanya vile vile, ila kimyakimya.

"Napitia mlangoni," alisema.

"Kichwa chako kama cha mwanangu," alisema mama mkwe. "Ndiyo maana alikuoa. Nenda basi, na ukifukuzwa usije na kelele, nataka kulala."

Siku zote karakana ya seremala husikika kabla ya kuonekana. Ikiwa si msumeno ni nyundo, na ikiwa si nyundo ni redio. Siku hiyo ilikuwa kimya. Seremala alikuwa amekaa juu ya benchi ambalo halijamalizika, mikono magotini, ameelekea mlangoni.

"Hodi, fundi."

"Karibu, fundi."

Alimtazama mbuzi kwanza, halafu akamtazama yeye, kisha akafumba macho kidogo, akayafumbua. Fundi hakumpa nafasi ya kusema. Alijua akikaribishwa kiti ataanza kuzungumzia mvua.

"Jirani, nimemuuza mbuzi wako. Leo asubuhi. Mwenye bucha alikuja kumchukua Mistari, mimi nikamwambia mchukue wa mistari ya bluu, wala sikuinuka kuangalia. Mbuzi mimi nawajua kwa vitambaa, na nilisahau kwamba mkanda ule nilishona wa pili, nikakupa wewe. Nimemkuta hai kwa bahati tu, kwa kuwa kisu cha mwenye bucha kilikuwa kibutu. Mbuzi wako huyu. Na ukitaka kunitangaza mtaani, leo una haki yako."

Seremala aliikuna shingo yake.

"Kisu kibutu," alisema. "Ndivyo alivyokuambia?"

"Ndivyo."

"Mtu mzima hovyo. Nilimwambia aseme hajapata nafasi."

Fundi aliangalia chini. Sakafu yote ya karakana ilikuwa maranda, makavu, meupe, na kando ya mlango palikuwa na gunia tupu lenye vipande vya maranda vilivyong'ang'ania kwenye nyuzi zake.

"Ulijua," alisema.

"Alipita naye hapa mbele, anapiga mluzi." Seremala alisogea kwenye benchi ili yeye apate pa kukaa, naye akakaa, mbuzi katikati yao. "Nilikuwa na randa mkononi. Sikufichi, fundi. Lile neno la zamani lilinijia mdomoni lenyewe. Nikalimeza. Lilipita kwa shida, lakini lilipita. Nikamfuata mwenye bucha mpaka kwake, nikamwambia huyu asimguse, amfunge kivulini, na wewe ukija asikuambie kitu."

"Si ungemchukua tu ukarudi naye? Au ungekuja kuniuliza?"

"Nije nikuulize nini? Mimi? Nisimame pale nikuulize mbuzi wangu yuko wapi, kwa mdomo huu huu?" Alitikisa kichwa. "Nikaona nikae. Nikasema, ikiwa ni kosa, atalijua mwenyewe na atakuja. Asipojua, jioni ningekwenda kumchukua Binti, nikasema alikata kamba. Usingesikia habari hii maisha yako yote."

"Na wewe ungebaki unafikiri nini juu yangu?"

Seremala alimpapasa mbuzi mgongoni, akamtoa kipande cha maranda kilichojisokota kwenye manyoya.

"Hilo ndilo lililonikalisha hapa," alisema. "Tangu asubuhi sijapiga hata msumari mmoja. Kila mtu akipita naangalia mlango."

Fundi alimwona vizuri, maana alikuwa karibu. Aliona kwamba yule mtu alikuwa amechoka kama yeye, na kwamba hofu iliyomkimbiza yeye sokoni na viatu vya watu wawili ndiyo hiyo hiyo iliyomkalisha mwenzake juu ya benchi. Akaanza kucheka. Alimwonyesha miguu, kiatu hiki na kiatu kile. Akamsimulia ushauri wa mama mkwe, jinsi Mistari alivyokuwa aletwe badala ya Binti na kusingiziwa kukonda kwa mawazo, na seremala akacheka mpaka akashika ukingo wa benchi, kicheko ambacho fundi hakuwa amekisikia tangu msiba.

Walipotulia, fundi alitoa mkasi mfukoni, maana fundi cherehani hutembea nao.

"Mkanda huu naukata sasa hivi. Nitamshonea wa rangi nyingine, haya yasitokee tena."

Seremala aliweka kiganja juu ya shingo ya Binti.

"Huu hapana," alisema. "Huu nilipewa. Kata wa kwako."

Basi ukakatwa wa Mistari. Alishonewa mwingine wa mahameli nyekundu, masalio ya kiti cha sebuleni cha mteja mmoja, na kesho yake alikuwa ameula nusu. Mwenye bucha alipoulizia mzigo wake, mama mkwe ndiye aliyetoka kumjibu. Alimwambia kwamba Mistari hauzwi tena, kwa sababu asingekula lile gauni, nyumba hii ingekuwa imehama mtaa kwa aibu. Gauni lenyewe lilifupishwa, na ikabidi yote ya wasimamizi yafupishwe, na bibi harusi akaambiwa ndiyo mtindo.

Jioni ya siku ile ile aliyorudishwa Binti, fundi akiwa anaokota pini zake sakafuni, alisikia kazi imeanza tena ng'ambo ya ua. Akajua seremala ameamua kuliziba lile pengo hatimaye, na hakumlaumu. Hata hivyo moyo ulimwuma kidogo. Alimimina chai vikombe viwili, akaenda kuangalia.

Seremala alikuwa amepiga magoti kwenye tope upande wake, randa mkononi. Pengo lilikuwa wazi kama siku zote. Alikuwa analainisha kingo za mbao za pande zote mbili, pale Binti anapopitisha tumbo, asije akachomwa na vibanzi akienda kulala kwa wenzake.

"Chai, fundi," alisema fundi, akampitishia kikombe pale pale.